Mbegu Aliyoachiwa Mama Silvana

Mimi ni mtu wa Kasanga, mtoto wa ziwani, na kwetu neno halilali tumboni. Ukinikera asubuhi, asubuhi hiyo hiyo nakwambia, mchana tunakula pamoja. Huku juu kwa Wafipa nilikoolewa mambo ni mengine kabisa. Huku mtu ana neno lake anazunguka nalo, analifunika, analiita jina lingine, wewe mgeni unabaki kutumbua macho. Nilikuwa nawatania kwa hilo, nao wananitania kwa harufu ya migebuka, samaki wetu wa ziwani. Siku hizi utani umeniisha.

Niseme kwanza lililo kubwa, usije ukadhani nakupigia porojo za marehemu. Mwaka jana mama mkwe wangu, Mama Silvana, alikuwa anakufa kwa figo. Fedha za kumpeleka Mbeya akasafishwe damu zilikuwepo. Zilikuwa kwenye simu ya mume wangu, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Kilichotakiwa ni maneno kumi na mawili tu ya kuzifungua, na maneno hayo alikuwa nayo yeye mwenyewe mama, kichwani mwake. Alinitajia yote bila kusita, na bado simu ikakataa.

Mume wangu aliitwa Zenon. Alikuwa fundi simu hapa Sumbawanga mjini, mwembamba, mbishi, mtu wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ubishi huo hakuzaliwa nao. Alipokuwa mdogo baba yake alikopa, akalima, akavuna mahindi mazuri, akakodi lori mpaka Tunduma. Kule Zambia wanunuzi walikuwa wanayasubiri. Akafika akaambiwa mpaka umefungwa kwa mahindi, amri imetoka juu. Akakaa pale na magunia yake chini ya turubai lililotoboka, mvua ikanyesha, mahindi yakaota ndani ya gunia. Zenon alikuwa juu ya yale magunia. Alikuwa ananiambia kwamba harufu ya mahindi yaliyochipua bado iko puani kwake, na akisema hivyo uso unambadilika kabisa. Baba yake alirudi nyumbani, akaacha biashara, akashika pombe, mpaka ikamzika.

Kwa hiyo soko huria kwa Zenon halikuwa somo la chuo. Ukimwambia serikali imepanga bei ya kitu fulani, hata cha wema, ananyanyuka kwenye kiti. "Gunia ni la nani, Jovina? Aliyelima ni nani?" Mimi namjibu, "Kaa chini, chai inapoa." Nilimwambia pia kwamba hao wanunuzi huru anaowapenda ndio waliotukopa samaki wetu Kasanga wakatokomea nao. Alibeba kikombe chake akaenda kunywea nje. Mfipa huyo!

Ujana wake aliumaliza barabarani. Alifuata malori ya mahindi, akafika Nakonde, akafika Lusaka, akajifunza ufundi kule kwa jamaa mmoja aliyekuwa anamlipa kwa chakula. Alikuwepo Lusaka mwaka ule Wazambia walipofuta sifuri tatu kwenye noti zao. Kwa wengine lilikuwa jambo la kuchekesha, jana ulikuwa milionea, leo una elfu moja. Zenon halikumchekesha. Alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyeona ajali.

Hapo ndipo akaanza kutafuta mambo ya kale. Jumapili baada ya misa ananipakia kwenye pikipiki, mimi nadhani tunakwenda kula nyama, kumbe tunakwenda porini kutazama malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo mababu wa Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma. Ni udongo tu na majani yameota juu. Anayagusa, anayazunguka. "Jembe lililotoka humu lilikuwa pesa, Jovina. Unaoa kwa jembe, unanunua chumvi kwa jembe. Halina picha ya mfalme, na hakuna wa kukufutia sifuri." Nikamuuliza huo ufundi wa kuyeyusha umeandikwa wapi. Akasema haukuandikwa popote, baba alimwambia mtoto sikioni basi. "Na umekwenda wapi sasa?" Akawasha pikipiki.

Kule kwenye kibanda chake, karibu na soko, alikuwa na kompyuta kuukuu, na kwenye kompyuta hiyo akaangukia watu wa programu huria. Kwa jinsi alivyonieleza, hawa ni watu wanaotengeneza programu kisha wanaiacha wazi, yeyote aone ilivyoshonwa, achukue, arekebishe, bila kulipa senti. Nilimwambia huo si uungwana, huo ni uzembe wa biashara. Lakini aliwapenda kuliko ndugu zake. Wakampa kazi ya kutafsiri programu zao kwa Kiswahili, wakiwemo wale waliotengeneza pochi ya kuwekea sarafu za mtandaoni, bitkoini na wenzake. Yeye na Mkenya mmoja waligombana wiki nzima kama iitwe pochi au mkoba. Ugomvi wa maandishi, jamani, hawajawahi hata kuonana! Wateja wanasubiri vioo vya simu zao, fundi anagombania mkoba.

Wale wenzake walikuwa wanamtumia chochote kwa kazi yake, na walimtumia kwa hizo hizo sarafu. Mara ya kwanza aliandika maneno yake ya siri kwenye karatasi, akaificha darini. Mchwa wakaila karatasi yote na sehemu ya mbao. Fedha zilizopotea nayo zilikuwa kidogo, lakini zilimuuma. Akafungua pochi nyingine. Na hapo, ndugu yangu, ndipo lilipoanzia.

Pochi hiyo ukiifungua inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Simu ikipotea, ikiungua, ukiwa na maneno yale kwa mpangilio wake unazipata fedha zako kwenye simu nyingine yoyote duniani. Ukiyakosa, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Wazungu wanayaita mbegu. Zenon alipofika kutafsiri hapo akafurahi mno, maana hakuhitaji kufikiri. Mbegu ni mbegu.

Na kwao mbegu inatunzwa na mama. Ukiingia jiko la Mama Silvana ulikuwa unaona juu ya mafiga mahindi ya mbegu yamening'inizwa, meusi kwa moshi, na ulezi kwenye kibuyu, na hakuna mwanaume wa kunyoosha mkono pale. Hata njaa ikiingia, mbegu ya mama haiguswi. Basi Zenon akayageuza yale maneno kuwa Kiswahili, akapanda kijijini kwa mama yake, njia ya Matai, akamkaririsha wakiwa wanapepeta ulezi, mpaka yakamkaa.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Mimi mke, ninayelala naye kitanda kimoja, sikupewa. Nilimwuliza kama ananiona mwizi. Akasema, "Wewe una simu, una marafiki, una mdomo. Mama hana simu wala hajui kinachofungwa ni nini. Hakuna wa kumwibia." Nikamwambia mdomo wangu ndio uliomwoa. Alicheka, lakini hakunipa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye jambo dogo. Siku niliyoolewa, shangazi yake alinivuta pembeni akanifunda. Katika yote aliyonifunda, moja lilikuwa hili: katika ukoo huu mke hatamki jina la baba mkwe wake, mpaka anaingia kaburini. Baba mkwe wangu alikuwa na jina la ubatizo, la mtakatifu, halifanani na kitu chochote cha nyumbani, kwa hiyo halikunipa taabu. Hata sasa unaona simtaji. Nikadhani mila yenyewe ndiyo hiyo, imekwisha.

Mwaka wa kwanza, nikiwa nanyonyesha binti yetu Edith, mlango wa banda la kuku la Mama Silvana ulichomoka msumari. Akaniambia, "Mwanangu, niletee jiwe hapo jikoni." Nikaingia jikoni, nikatafuta, sikuona jiwe. Nikatoka nje nikaokota moja la ukubwa wa ngumi. Alilitazama, akanitazama mimi, akalipokea. Aligonga nalo msumari mpaka akajigonga kidole. Nilipomsimulia Zenon alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Utazoea." Sikuuliza zaidi. Nilijua ni mambo yao.

Zenon alikufa kwenye mteremko wa kwenda Muze, lori alilopanda lilipokatika breki likiwa limeshuka nusu ya njia. Alikuwa amekwenda kufunga umeme wa jua kwa mtu. Nilimzika nikiwa sioni wala sisikii. Mama Silvana alikaa mbele kabisa, kitenge kimefika machoni. Katekista wetu, Mzee Kornel, alisoma maisha ya marehemu kwa kifupi tu, akasema ni mtoto wa ukoo wa mafundi chuma, akafunga kitabu.

Miguu ya mama ilianza kuvimba mvua zilizofuata. Hospitalini mjini wakatuambia figo zimechoka, aende Mbeya akaunganishwe na mashine, na si mara moja, ni kila wiki. Niliuza kompyuta, niliuza pikipiki, shemeji zangu wa mbali wakauza ng'ombe. Tukaenda mara chache, akapata nafuu, akawa anaomba ugali. Kisha hatukuwa na cha kuuza. Ndipo nikamwambia, "Mama, ile mbegu ya Zenon. Imefika wakati wake."

Hakushangaa. Alijiweka sawa kitandani, akafumba macho, akayataja: moshi, mbuzi, kisiwa, mfupa, jiwe, mvua, asali, kikapu, mama, chumvi, barabara, ngoma. Yalitoka taratibu, kwa lafudhi yake ya Kifipa. Alipofika kwenye jiwe alipiga ngumi kwenye kiganja, pu, akaendelea. Nililia kwa furaha, nakwambia kweli. Nilimbusu mikono.

Nikakimbia kwa Loth, kijana aliyekuwa akifanya kazi na Zenon kibandani, mtu mwaminifu, mwoga kidogo. Akayarudisha kwenye Kiingereza, akayaingiza. Simu ikajibu kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha mume wangu mwenyewe: Mbegu hii si sahihi, tafadhali hakiki tena. Nilitamani kuirusha ukutani. Unaniomba tafadhali, Zenon, na mama yako anakufa!

"Shemeji, tusikate tamaa," Loth akaniambia. "Ngoma inaweza kuwa ya kupiga au ya kucheza. Barabara inaweza kuwa mtaa." Akabadilisha. Ikakataa. Akabadilisha tena, jioni baada ya jioni, akishamaliza wateja. Kuna jamaa wa mtandaoni akajitokeza, akasema yeye ni mtaalamu, anafungua pochi zilizogoma, tumtumie tu maneno yote kama yalivyo. Kidole cha Loth kilikuwa tayari. Nilimshika mkono. Zenon alikuwa amenihubiria hilo mpaka nikachoka, kwamba ukimpa mtu maneno yako umempa fedha zako, na hamna polisi wa kumkamata. Soko huru hilo, kila mtu na mlinzi wake.

Nikarudi kwa mama. "Mama, una hakika? Hakuna neno lililoponyoka?"

"Halikuponyoka."

"Hebu nitajie tena."

Akataja. Yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kwenye jiwe akagonga chuma cha kitanda kwa ngumi, safari hii kwa nguvu, akinikazia macho. Nikadhani anajisaidia kushika mapigo, kama mtu anayeimba. Nikamwambia pole mama, usijiumize mkono.

"Zenon alikuwa ananielewa," akasema. Akageukia ukutani.

Neno hilo lilinichoma. Nililichukua kwa ubaya. Nilijua ananiambia mimi si mtoto wake, mimi ni mtu wa ziwani, sielewi kitu. Nikanyamaza kwa hasira, mimi ambaye sinyamazi, nikatoka nje kufua mashuka yake. Kumbe mama wa watu alikuwa ananipa kila alichoweza kunipa bila kuvunja heshima aliyoiapia tangu akiwa msichana.

Alikuwa amechoka sana mwezi wa sita, baridi ile ya Ufipa inayopenya mpaka kwenye mifupa. Pumzi ikawa fupi. Aliniomba nimpeleke nyumbani asifie mjini. Tukamrudisha, tukawasha moto, akawa analala anatazama ile mbegu yake nyeusi juu ya mafiga. Edith alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Siku ya mwisho hakusema kitu cha maana. Aliuliza kama kuku wamefungiwa.

Siku ya mazishi watu walijaa. Mzee Kornel akasimama na karatasi yake, ukungu haujanyanyuka vizuri, akaanza kusoma maisha ya marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma mpaka darasa gani. Kisha akasoma hivi, nasikia mpaka leo: "Silvana aliolewa katika ukoo wa wafua chuma, nyumba ya Mzee Nyundo, baba mkwe wake aliyempenda sana."

Shangazi mmoja aliyekaa karibu nami aliguna. Akanong'ona na mwenzake, "Leo limetajwa. Maskini, maisha yake yote alikuwa anasema jiwe."

Nikamgeukia. "Jiwe gani, shangazi?"

"Nyundo, mwanangu. Angesemaje nyundo, na ni jina la mkwewe? Kwake nyundo ilikuwa jiwe. Nyumba nzima walijua." Akanitazama kwa mshangao. "Zenon hakukwambia?"

Niliona jiwe la ukubwa wa ngumi mkononi mwangu, na kidole cha mama kilichovimba, na ile ngumi ikigonga kitanda, pu, macho yamenikazia. Nikakumbuka pia mazishi ya Zenon, jinsi Mzee Kornel alivyokwepa jina la babu, akasema mafundi chuma, akafunga kitabu. Alikwepa kwa sababu mama alikuwa amekaa pale mbele. Katika nyumba ile jina hilo lisingeweza kutajwa yeye akiwa hai. Ilibidi afe ndipo nilisikie.

Loth alikuwa nyuma ya umati. Nilimvuta hadi nyuma ya jiko, nikamwambia sikioni, "Weka nyundo. Penye jiwe, weka nyundo." Akakosea, akafuta, akaandika tena. Nilisikia kule mbele wanaanza wimbo wa kushusha jeneza.

"Imefunguka, shemeji."

Akanigeuzia kioo. Nilizitazama. Sitasema ni kiasi gani, kwa sababu nikikisema utaanza kunihesabia. Zilitosha Mbeya. Zilitosha kwenda na kurudi, kulala, kula, na mashine ya kila wiki, mwaka huu na mwingine na mwingine. Zenon alikuwa ameziweka kidogo kidogo, kwa kutafsiri maneno.

Loth aliniuliza kwa sauti ndogo, afanye nini nazo. Alikuwa analia, masikini, anadhani ni furaha inayotakiwa.

"Izime," nikamwambia.

Nikarudi kwenye kaburi. Walikuwa wameshaanza kufukia. Edith alinishika mkono akaniuliza nilikuwa wapi, bibi ameshashushwa. Nilichukua udongo, nikautupa, na mdomo wangu huu unaosema kila kitu ukakosa la kusema.